Je, Utu wa Mtu Umo Katika Ubongo Wake?

Kuna swali moja ambalo walimu wa mitaa ya huku Ruangwa na Nachingwea hutuletea mara kwa mara, nalo huja limevaa nguo mbalimbali. Mmoja auliza kama mtu mwenye kifafa aweza kuchaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwingine auliza kama mtoto asiyeweza kukumbuka leo alilofundishwa jana aweza kubarikiwa Kipaimara pamoja na wenzake. Wa tatu haulizi neno la kanisa hata kidogo. Yeye ataka kujua kama dada yake aliyepooza miguu imempasa kuitwa katika baraza la ukoo siku ya kugawa mikorosho ya marehemu baba yao, au yatosha kumpelekea habari baadaye. Tukiyavua maswali haya nguo zake, twaona ya kuwa ni swali moja tu: kichwa cha mtu kikipata madhara, ni kiasi gani cha mtu huyo kilichosalia?

Hatuwezi kulijibu kwa neno moja. Tena katika miaka hii ya karibuni wataalamu wa ubongo wamepata maarifa mapya ambayo yalifanya swali hili kuwa gumu zaidi, na baadhi ya maarifa hayo yagusa chakula kile kile kilichomo katika vyungu vyetu. Kwa hiyo twaomba msomaji avumilie kidogo, kwanza tutazame huo ubongo wenyewe ni kitu gani.

Mwili wote wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ndizo ziitwazo seli, wala jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Lakini kwa muda mrefu hata wenye hadubini hawakuona kitu ila utando wa kijivu uliosongamana, kama mtu atazamaye msitu wa Rondo kutoka mbali asiweze kutenga mti na mti. Mwaka 1873 daktari Mwitalia, Camillo Golgi, alivumbua njia ya kuutia ubongo dawa ya fedha, hata chembe chache zikageuka nyeusi kabisa pamoja na matawi yake yote, na nyingine zikabaki bila rangi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaitumia njia ile kwa miaka mingi, akachora kwa mkono wake alichokiona. Golgi alishikilia ya kuwa ubongo ni wavu mmoja usio na mipaka. Cajal akasema la, kila chembe ni peke yake, nayo huzungumza na jirani yake bila kuungana naye. Walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906, na hata katika sherehe ile hawakupatana. Siku hizi wataalamu wamfuata Cajal.

Je, chembe hizo ni ngapi? Mwanamke wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, alipata njia ya ajabu ya kuzihesabu: aliuponda ubongo katika dawa hata ukawa kama uji, akaukoroga sana, akahesabu viini vya chembe katika matone machache, kisha akapiga hesabu ya uji wote. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitangaza ya kuwa mtu mzima ana chembe za fahamu kadiri ya bilioni 86, na chembe nyingine za kuzitunza na kuzilisha zinazokaribia hesabu hiyo hiyo. Tena kadiri ya bilioni 69 katika zile 86 zimo katika ubongo mdogo wa kisogoni, ambao uzito wake ni kama sehemu ya kumi tu ya ubongo wote. Twalitaja jambo hili kwa kuwa lamfundisha mtu asidhani ya kuwa sehemu kubwa ndiyo yenye watu wengi.

Lakini wingi si neno kubwa. Neno kubwa ni aina. Mpaka juzi juzi wataalamu walizitenga chembe za ubongo kwa umbo: hii ina matawi mafupi, hii mrefu, hii ni kama piramidi. Sasa wana njia nyingine, nasi tutaieleza kwa mfano wa kwaya. Waimbaji wote wa kwaya wamepewa kitabu kimoja, chenye nyimbo zile zile na sauti zote nne. Hata hivyo, mtu akisimama mlangoni amefumba macho, atajua huyu aimba sauti ya kwanza na yule ya nne, kwa sababu kila mmoja asoma mstari wake na kuiacha mingine. Ndivyo zilivyo chembe za mwili. Kila chembe imebeba urithi wote wa mtu, yaani jeni zote alizopokea kwa baba na mama; lakini kila moja hutumia sehemu fulani tu na kuifunga iliyobaki. Wataalamu wamejifunza kusikiliza chembe moja moja, wakaandika ni mistari ipi iimbayo, na zile ziimbazo mamoja wakaziweka katika aina moja.

Kwa njia hiyo, mwezi wa Oktoba mwaka 2023, Kimberly Siletti na Sten Linnarsson wa Karolinska, Stockholm, pamoja na wenzao, walitoa ramani ya chembe za ubongo wote wa mtu. Walichukua sehemu kadiri ya 100 katika bongo za marehemu watatu, wakasoma viini zaidi ya milioni 3. Walipata makundi 461, na ndani yake vikundi 3,313. Wengi walitazamia ya kuwa aina nyingi kupita zote zitaonekana katika gamba la juu, mahali pa mawazo na maneno. La, wingi wa kustaajabisha ulionekana chini, katika shina la ubongo na sehemu zake za kale, mahali panapotunza pumzi, njaa, usingizi na woga. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo watu wa Taasisi ya Allen ya Seattle, Marekani, wakiongozwa na Hongkui Zeng, wakatoa ramani ya ubongo wa panya, nao wakapata vikundi zaidi ya 5,300.

Msomaji atacheka: panya 5,300 na mtu 3,313! Sababu yake si fumbo. Ubongo wa panya ni mdogo, wapatikana kwa urahisi, nao ulipekuliwa kwa ukamilifu zaidi. Viini milioni 3 katika ubongo wa mtu ni kama kuuliza mtu mmoja katika 50,000 habari za nchi nzima. Tena hesabu ya aina hutegemea aulizaye. Mwulize mama apikaye kuna aina ngapi za mihogo, atasema mbili, mitamu na michungu. Mwulize mkulima, atakutajia majina hata vidole viishe, kwa jani, kwa shina, kwa miezi ya kukaa ardhini. Mwulize mtaalamu wa kituo cha Naliendele kule Mtwara, naye ana orodha yake. Hakuna aliyesema uongo. Basi hiyo 3,313 tusiichukue kama amri iliyoandikwa juu ya jiwe. Tuliloshika ni hili, nalo ni hakika: ubongo ni kama mji wenye kazi nyingi sana, na kila kazi ina watu wake. Na mji huo waweza kupigwa katika ukoo mmoja wa wafanyakazi, na koo nyingine zikaonekana zimesalia salama.

Hapo ndipo habari hii iingiapo katika nchi yetu.

Mwaka 1938 daktari Mwitalia aitwaye Trolli, aliyefanya kazi Kongo wakati wa Wabelgiji, aliandika habari za ugonjwa ulioonekana katika nchi ya Kwango. Mtu hulala mzima, au huenda shambani mzima, na ghafula miguu yake hukakamaa. Tangu siku ile hutembea kwa kuvuta vidole, magoti yamegongana, au kwa fimbo mbili, au hutambaa. Ugonjwa hauendelei kuzidi, wala hauponi. Wayaka wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,100 walipatwa katika ukame mmoja, wengi wao wanawake na watoto. Huko waliuita mantakassa. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, na daktari William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake waliuchunguza na kuuandika. Kisha mwaka 2002 na 2003 ulionekana huku kusini kwetu, upande wa Mtwara na upande wa Mbinga, na daktari Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe akawa miongoni mwa walioufuatia.

Kisababishi chake ni muhogo mchungu usiotengenezwa vema. Muhogo huo una kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Ukiloweshwa siku zake zote, ukavunda, ukaanikwa ukakauka, sumu hutoka karibu yote, na ugali wake ni chakula chema kilichowalea wazee wetu. Lakini njaa ikibana, siku za kuloweka hupunguzwa. Na watu wakila ugali huo wiki kwa wiki bila samaki, wala nyama, wala mayai, mwili hukosa kile kitu kiugeuzacho sianidi iweze kutoka kwa mkojo. Mambo mawili yakikutana, sumu nyingi na kitoweo kidogo, miguu hufungwa.

Na sumu hii yapiga wapi? Mwaka 1874 Vladimir Betz wa Kyiv alikuwa ameona, katika sehemu ya ubongo iendeshayo viungo, chembe kubwa kupita zote alizokuwa ameona, zenye umbo la piramidi. Chembe hizo na jamaa zake za namna ile hutuma uzi mmoja usio na fundo kutoka utosini mpaka ndani ya uti wa mgongo, na zile zihudumuzo miguu hufika hata kiunoni. Zingatieni: chembe isiyoonekana kwa macho, yenye mkono mrefu kama jembe na mpini wake. Hao ndio wajumbe wapelekao amri ya kutembea, na hao ndio konzo iwapigao hasa. Mbona ni hao, hali sianidi yapita katika damu kwenda kila mahali? Wataalamu wangali wakibishana juu yake. Lakini twaona wazi faida ya kujua aina: mgonjwa wa konzo hakuharibikiwa na ubongo kwa jumla. Amepigwa zaidi katika aina moja ya chembe, nao ni wale wajumbe wa miguu.

Kwa sababu hiyo wengi wamepata faraja, nao wamesema, naam, tazameni, miguu imefungwa lakini akili i nzima. Kwa maneno hayo yule dada wa mikorosho hurudishiwa mkeka wake barazani. Maana desturi ya watu wengi, wala tusijisingizie ya kuwa si yetu, ni kusema na mtu aliyemsindikiza mgonjwa badala ya kusema na mgonjwa mwenyewe. Mtu amekuja na fimbo zake mbili, ameketi mbele yetu, anatusikia, nasi twamwuliza nduguye: "Huyu anakula nini? Huyu analala saa ngapi?" Kama angekuwa hayupo. Mwili uliokakamaa huwadanganya watazamaji, wakadhani na mawazo yamekakamaa. Ujuzi wa aina za chembe waikemea desturi hiyo kwa haki kabisa. Mtu asihukumiwe kwa kiungo kimoja.

Lakini twawaonya ndugu zetu wasiijenge nyumba yote juu ya nguzo hii, maana nguzo yenyewe imekwisha kuingiwa na mchwa. Mwaka 2013 Michael Boivin wa Marekani, na Desire Tshala-Katumbay aliye mwana wa Kongo, pamoja na wenzao, walitoa habari za watoto wa Kahemba, Kongo, waliowapima kwa mafumbo na michezo ya kukumbuka. Waliona ya kuwa watoto wenye konzo walipungua katika kujifunza na kushika mambo. Tena wakaona jambo la kutisha zaidi: watoto wa mahali pale pale, ambao miguu yao ilikuwa mizima kabisa, nao walipungua kidogo wakilinganishwa na watoto wa mahali pasipo na konzo. Yaani ile sumu haikukoma kwa wajumbe wa miguu. Iliwagusa na wengine, kimya kimya, bila alama ya kuonekana nje.

Sasa tufanyeje? Kama tulimrudishia yule dada mkeka wake kwa sababu akili yake i nzima, je, tumnyang'anye tena tukisikia ya kuwa huenda kumbukumbu yake imepungua? Mtu aliyejenga heshima ya mwenziwe juu ya uzima wa chembe fulani, imempasa kuibomoa heshima hiyo kila kipimo kipya kitokapo. Leo aheshimu, kesho apunguza, kesho kutwa aondoa. Na mwenye kifafa tumwambieje? Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, walikuwako watoto walioinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, na baadhi yao akili ilidhoofika mwaka hata mwaka. Kwao hakuna awezaye kusema, "Miguu tu ndiyo iliyougua." Na mzee wetu wa miaka 80 asahauye jina la mjukuu wake? Faraja ya "akili i nzima" haina neno la kuwaambia hawa. Faraja ya namna hiyo huwasaidia walio karibu na uzima, na kuwaacha wale walio mbali.

Kwa hiyo twasema wazi: utu hautafutwi katika ubongo kama mtu atafutavyo sarafu iliyoanguka ndani ya nyumba. Hata wakizipata aina 10,000, haitapatikana moja iliyo chembe ya utu. Na kama utu ungekuwa hesabu ya aina za chembe, basi panya wa ghalani angetutangulia, maana yeye amekwisha kuandikiwa 5,300.

Hapo mtu msomi atatupinga. Atasema: "Ninyi mwakimbia. Ubongo ukiondoka, mtu hayupo. Mtu akinywa pombe hubadilika. Akipigwa kichwani hubadilika. Akila sumu hubadilika. Basi mtu ni ubongo wake, wala hakuna kingine." Hoja hii ni nzito, wala hatuijibu kwa kucheka. Twakubali kila alilosema mpaka kufika kwenye "basi". Ni kweli bila ubongo hakuna anenaye wala apendaye. Lakini bila ngozi ya ngoma hakuna mlio, wala hakuna aliyeipasua ngoma akaukuta mlio umo ndani umekunjwa. Kitu kuwa cha lazima kwa kingine si kusema vitu hivyo viwili ni kimoja. Tena hata tukimwachia msomi huyu ushindi wote katika jambo la chembe, bado hajaligusa swali letu. Sisi hatukuulizwa mtu ametengenezwa kwa nini. Tuliulizwa tumtendee nini. Mtu aweza kujua kila uzi wa nguo asijue ni ya nani.

Wazee wetu walisema mtu ni watu, na katika swali hili neno lao lafaa kuliko mizani. Mtoto mchanga hajui jina lake. Sisi ndio tumjuaye, twamwita kwa jina hilo siku zote mpaka siku moja ageuke aitike. Hatukungoja chembe zake zikomae ndipo tumwite. Alikuwa mtu wetu kwa kuwa tulimwita. Mzee aliyesahau jina lake yu vivyo hivyo upande wa pili wa safari. Jina lake lingali limewekwa kwetu, nasi ndio walinzi wake. Na kwa sisi tusadikio ya kuwa kila mtu huitwa na Mungu kabla hajajua kuitika, neno hili si geni. Lakini hata jirani asiyesali nasi alielewa tangu zamani, maana yeye naye alilelewa kwa kuitwa.

Hatusemi ya kuwa madhara ya ubongo si kitu. Mtu ambaye mkono wake hutupwa kwa kifafa asipewe kazi ya kupanda minazi, wala mzee aliyesahau hesabu asikabidhiwe sanduku la sadaka. Hayo ni mambo ya kazi, na kazi hupimwa kwa uwezo. Tuliyokataa ni kuvusha kipimo cha kazi kwenda kukipimia haki ya kuitwa, kuulizwa, kusikilizwa na kukaa pamoja. Katika baraza la mikorosho, kama yule dada hawezi kushika hesabu ya miti 40 kichwani, na apelekwe shambani kwa baiskeli au kwa mgongo wa nduguye, aonyeshwe mti kwa mti. Itachukua siku mbili badala ya moja. Hakuna ukoo uliokufa kwa siku mbili.

Tena kuna jambo la lawama, na hapa twataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wajikwaapo. Konzo huja ghafula, na jambo lijalo ghafula hutafutiwa mchawi. Nyumba zimevunjika kwa sababu hiyo. Sasa mchawi ameondolewa. Lakini tumeona wengine, wakiisha kusikia habari ya muhogo, wamgeukia mama aliyepika. "Wewe ndiwe uliyewafunga wanao miguu." Hilo ni tendo baya kuliko lile la kwanza, maana limevaa joho la elimu. Mama yule alijua kuloweka tangu utoto wake. Alipunguza siku kwa sababu watoto walikuwa wakilia. Alipanda muhogo mchungu kwa kuwa nguruwe na nyani na wezi hawaupendi, na kwa kuwa ndio uliovumilia jua wakati mahindi yalipokauka. Katika kila hatua alichagua kama mtu mwenye akili. Kama twataka mwenye deni, na tumtafute miongoni mwa waliojua wakanyamaza.

Maana dawa ya kuzuia yajulikana, nayo haina gharama. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alionyesha ya kuwa unga wa muhogo wenyewe waweza kusafishwa kabla ya kupikwa. Mama huweka unga katika bakuli, hutia alama mahali unga ulipofika. Kisha hutia maji kidogo kidogo huku akikoroga. Unga hushuka kwanza. Huongeza maji mpaka urudi penye alama ile ile. Halafu huutandaza juu ya mkeka au ungo, unene wake usizidi sentimita moja, hukaa juani saa 2 au kivulini saa 5, na sianidi huondoka hewani. Siku ile ile hupika ugali wake. Njia hii haiondoi haja ya kuloweka makopa. Huifuata, na katika mwaka wa njaa ndipo imsaidiapo mtu. Mwalimu wa mtaa aweza kuionyesha siku ya Jumapili baada ya ibada, kwa bakuli moja na mkeka mmoja, na wamama wenyewe watamrekebisha akikosea.

Twarudi kwa mtoto wa Kipaimara, kwa kuwa mwalimu yule angali akingoja jibu. Mtoto huyu ameketi darasani miaka miwili. Katekisimo haimkai kichwani. Akisemeshwa sehemu ya kwanza, ya pili imetoroka. Huenda ni konzo ya kimya, huenda ni malaria ya utotoni, huenda alizaliwa hivyo. Hakuna kati yetu awezaye kuufungua ubongo wake na kuhesabu, wala haitupasi. Wenzake wote wamekwisha kushonewa nguo nyeupe. Je, abaki nyuma tena?

Twashauri mwalimu afanye hivi. Asimtahini mbele ya usharika wote, mahali hata mwenye kumbukumbu njema husahau. Amwite nyumbani kwake jioni, pamoja na mama yake au bibi yake. Amwulize neno moja moja, kwa lugha yao ya nyumbani ikiwa Kiswahili kizito humchanganya. Asimwulize kitabu kimesema nini. Amwulize kwa nini ataka kubarikiwa, na akiisha kuuliza anyamaze, ahesabu pole pole mpaka 30 kabla ya kusema neno jingine, maana mtoto wa namna hii jibu lake hutoka mbali. Kisha aandike jibu kama lilivyosemwa, hata likiwa la maneno matatu, alilete kwa mchungaji pamoja na majina ya wale wengine, katika karatasi ile ile.